Kaa, kamba na uduvi wa Ziwa Tanganyika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa sekondari wa Kigoma na Ujiji, wavuvi na wachuuzi wa Kibirizi na Katonga, na wageni wanaopita mjini wakielekea hifadhi za Gombe au Mahale. Mengine huulizwa kila wiki, mengine mara chache lakini kwa uzito. Nimejibu kwa urefu pale penye mambo mengi, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni moja tu.

Krasteshia ni wanyama gani?

Ni jamii ya kaa, kamba, uduvi na ndugu zao. Hawana uti wa mgongo, ganda lao gumu liko nje, na miguu yao ina viungo. Alama ya kuwatambua iko kichwani: wana jozi mbili za vipapasio. Panzi ana jozi moja, buibui hana kabisa. Wote watatu wamo katika faila moja ya arthropoda, kundi kubwa la wanyama wenye miguu ya viungo, lakini utafiti wa vinasaba umeonyesha kwamba wadudu walichipuka ndani ya ukoo wa krasteshia. Kwa hiyo panzi ana undugu wa karibu zaidi na kaa kuliko alio nao na buibui, ingawa panzi na buibui wote wako nchi kavu.

Ganda la nje halikui pamoja na mwili. Mnyama akitaka kukua lazima alivue lote, hata lile la miguuni na machoni, kisha avimbe kwa maji kabla jipya halijakauka. Katika saa hizo ni laini, hana silaha, na hujificha chini ya mawe. Ndio wakati pia ambapo mguu uliokatika huanza kuota upya; mwanzoni ni mdogo, na hurudi kwenye ukubwa wake baada ya kuvua ganda mara kadhaa.

Ziwa Tanganyika lina jamii zipi?

Kwa macho ya kawaida utaona mbili: kaa na kamba. Kwa hadubini utaona nyingine mbili zenye wingi usiosemeka: kopepodi, ambao ndio sehemu kubwa ya kile wavuvi wanachokiita uduvi, na ostrakodi, vijidudu vinavyoishi katikati ya maganda mawili madogo kama ya kombe. Kuna pia vimelea wanaoishi juu ya samaki, nitawaeleza mbele.

Kamba wa hapa wengi ni wadogo, wa familia ya Atyidae, katika jenasi kama Limnocaridina na Caridella, na hawapatikani popote nje ya ziwa hili. Wengi hutambaa kwenye mawe na mimea wakipangusa mwani kwa vibrashi vilivyo kwenye ncha za magando yao. Wengine wamehamia maji ya wazi na huogelea maisha yao yote bila kugusa chini. Yupo pia Macrobrachium moorei, wa familia nyingine kabisa, mwenye magando marefu membamba. Naye ni wa hapa tu.

Kaa wa Kigoma ni sawa na kaa wa Dar es Salaam?

Hapana, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kaa wa mikoko wa pwani, Scylla serrata, hutaga mayai mengi mno. Yakiangulika, vilava vyake, yaani watoto wachanga wasiofanana bado na kaa, huelea baharini kwa wiki kadhaa vikibadilika umbo mara kwa mara, na vingi huliwa. Kaa wa maji baridi ameacha njia hiyo. Jike hutaga mayai machache lakini makubwa, huyabeba chini ya mkia wake uliokunjwa, na kinachotoka kwenye yai ni kaa kamili mwenye miguu na magando yote, mdogo tu. Watoto hukaa chini ya tumbo la mama kwa muda kabla ya kuachana naye.

Matokeo yake ni kwamba kaa wa maji baridi hasafiri mbali. Hakuna kilava cha kuchukuliwa na mkondo. Kundi likiishi kwenye miamba ya upande mmoja linaweza kukaa hapo vizazi kwa vizazi bila kuchanganyika na wa upande wa pili wenye mchanga mtupu katikati. Hiyo ni sababu mojawapo ya ziwa moja kuwa na spishi nyingi.

Jenasi inayotamba hapa ni Platythelphusa. Ina spishi zisizopungua 9, zote za Ziwa Tanganyika peke yake. Zamani ziliwekwa katika familia yao wenyewe. Baadaye ikathibitika kuwa zimo ndani ya Potamonautidae, familia kubwa ya kaa wa maji baridi wa Afrika. Vinasaba vinaonyesha kwamba zilitengana kwa kasi, yapata miaka milioni 3 iliyopita, wakati ziwa lenyewe lilikuwa limeshakuwapo kwa mamilioni ya miaka. Umri wa ziwa hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12.

Yupo kaa mwingine, Potamonautes platynotus, mwenye mgongo bapa, anayekaa ukingoni. Ukitembea kwenye miamba jioni na kuona kaa akitoka majini na kujibanza kwenye ufa, mara nyingi ni huyo. Platythelphusa hawapendi kutoka majini.

Nimeona kaa ndani ya ganda la konokono. Ni yule kaa wa baharini anayebeba nyumba?

Si yeye. Yule wa baharini ana tumbo laini lililopinda, na asipopata ganda anakuwa hatarini maisha yake yote. Wetu, Platythelphusa maculata, ni kaa wa kweli mwenye mwili mgumu kamili. Ni mdogo tu, na huingia kwenye ganda tupu kama maficho. Habebi ganda akatembea nalo.

Maganda anayoyatumia mara nyingi ni ya Neothauma tanganyicense, konokono mkubwa wa ziwa hili. Sehemu nyingine za chini zimefunikwa na maganda matupu ya konokono huyu kwa eneo kubwa, na humo wanaishi kaa, kamba na samaki wadogo wanaozaa ndani ya maganda. Mchanga mtupu usingewahifadhi. Ndiyo maana nasikitika ninapoona maganda haya yakizolewa kwa mapambo.

Kwa nini konokono wa hapa wana maganda manene yenye miiba?

Jibu linaanzia kwa Platythelphusa armata, kaa mkubwa kuliko wenzake. Mshike kwa uangalifu, vidole viwili nyuma ya mgongo, umtazame magando. Si sawa. Moja ni kubwa, nene, na upande wake wa ndani una vinundu butu vilivyopangana kama magego. Hilo si gando la kukatia, ni la kupasulia. Kaa humgeuza konokono, humweka ganda lake katikati ya magego hayo na kubana. Asipofaulu kulivunja, humenya mdomo wa ganda kidogo kidogo mpaka aifikie nyama.

Sasa okota konokono wa Lavigeria kwenye mawe ya ufukweni, mwenye mistari na vinundu. Pitisha ukucha juu ya ganda. Kwenye wengi utakuta mahali ambapo mistari imekatika ghafla, ikafuatiwa na mshono usio nyooka, kisha ikaendelea upya. Hilo ni kovu. Konokono alishambuliwa, mdomo wa ganda ukavunjwa, akanusurika na kujenga upya.

Mwaka 1991 watafiti Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walichapisha kazi wakilinganisha kaa na konokono wa hapa. Walionyesha kwamba maganda ya konokono wa Tanganyika ni imara kuliko ya jamaa zao wa maziwa mengine, na magando ya kaa wa hapa ni makubwa na yenye nguvu kuliko ya kaa wengine wa maji baridi. Kila upande umemsukuma mwenzake. Konokono mwenye ganda jembamba aliliwa kabla ya kuzaa. Kaa mwenye gando dhaifu alikosa chakula. Mashindano ya namna hii yalikuwa yanajulikana zaidi baharini.

Basi si kweli kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari?

Si kweli, ila naelewa kwa nini watu wenye akili waliamini hivyo. Mwaka 1883 mtafiti Mjerumani Richard Böhm aliona kiwavi-bahari ndani ya ziwa, yule mnyama mviringo wa ute anayeelea, na baadaye mnyama huyo akapewa jina la kisayansi. Konokono walionekana kama wa baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja miaka ya 1890 na kutetea hoja kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Baadaye W. A. Cunnington aliongoza msafara mwingine mwaka 1904 hadi 1905, na yeye ndiye aliyeeleza spishi kadhaa za kaa na krasteshia wengine wa hapa.

Kadiri wanyama walivyochunguzwa ndivyo hoja ya bahari ilivyopungua nguvu. Kaa wa Platythelphusa ni ndugu wa kaa wa mito ya Afrika. Hawana uhusiano wa karibu na kaa wa pwani. Kamba vivyo hivyo. Ziwa lilitokana na Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka na kudidimia, mito ikajaza. Sura ya kibahari ilitokea hapa hapa, kwa sababu ziwa ni la kale, lina kina cha hadi mita 1,470, na limewapa wanyama wake muda na nafasi ya kutosha kupata silaha na ngome ambazo kwingine ziko baharini tu.

Meli za Dar es Salaam na Tanga huota vijumba vyeupe vigumu chini. Mbona za Kigoma hazioti?

Vijumba hivyo ni vya siripedia, krasteshia wanaojigandisha kwenye mwamba, nguzo ya gati, chuma cha meli na hata ngozi ya nyangumi. Wanaojenga vijumba namna hiyo ni wa maji ya chumvi. Wachache huvumilia maji ya mdomo wa mto ambako chumvi ni kidogo, lakini hakuna anayeishi maisha yote katika maji baridi kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ya Ziwa Tanganyika haifiki hata gramu moja.

Chukua meli ya Liemba. Ilishushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikakaa chini ya ziwa hadi ilipoopolewa mwaka 1924, na kuanza kazi kwa jina jipya mwaka 1927. Meli iliyokaa baharini muda huo wote ingekuwa imevikwa siripedia kila pembe, na kila meli inayovikwa hivyo hupoteza mwendo na kula mafuta zaidi. Hapa mabaharia hupambana na kutu na utelezi wa mwani.

Siripedia ana kijumba kama konokono. Kwa nini awe ndugu wa kaa?

Swali hili liliwasumbua wataalamu muda mrefu. Linnaeus aliwaweka pamoja na wanyama wa magamba, na Cuvier aliwahesabu miongoni mwa moluska. Aliyefumbua fumbo ni John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1830 alichapisha alichokiona: kilava kinachoogelea kama kamba, chenye miguu yenye viungo, kilijibandika, kikavua ganda na kuwa siripedia.

Maisha yake huenda hivi. Kwenye yai hutoka kilava kiitwacho naupliasi, chenye jicho moja na jozi tatu za miguu. Hula na kukua akivua ganda mara kadhaa, kisha hugeuka kuwa sipridi, hatua isiyokula kabisa. Kazi ya sipridi ni kutafuta mahali. Hutembea juu ya jiwe kwa vipapasio vyake, akipima kama pana ukwaru, kama pana wenzake, na akiridhika hutoa gundi kichwani na kujibandika moja kwa moja. Kuanzia hapo hujenga sahani za chokaa kuzunguka mwili. Miguu yake huwa kama manyoya. Huitoa kwa juu, hupepea majini na kuzoa chakula. Hawezi kuhama tena, na wengi wana jinsia zote mbili katika mwili mmoja, kwa hiyo hufikia mwenzake kwa uume ambao, ukilinganishwa na ukubwa wa mwili, ni miongoni mwa mirefu zaidi kwa wanyama wote.

Charles Darwin alitumia miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, kuwachunguza hawa tu, wa sasa na wa kale waliogeuka mawe, akatoa vitabu vinne. Aligundua kwamba katika spishi fulani kuna madume vibete wanaoishi wameng'ang'ania mwili wa mwenzao mkubwa. Uainishaji wa leo unawagawa katika makundi matatu: wenye sahani, wanaotoboa chokaa na kuishi ndani ya tundu, na vimelea. Kundi la tatu ndilo la kutisha. Sacculina huingia ndani ya kaa wa baharini na kusambaa mwilini kama mizizi, kisha huota kifuko chini ya mkia, pale ambapo kaa jike hubeba mayai. Kaa hukitunza akidhani ni mayai yake. Hata dume hupanuka mkia na kutunza hivyo hivyo. Mnyama mzima wa aina hii hana mguu, hana ganda, hana mdomo. Ni kilava chake pekee kinachothibitisha kwamba ni siripedia. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: ukitaka kumpanga krasteshia, mtazame akiwa mchanga.

Dagaa hula nini?

Hapa ndipo wanyama wadogo wanapogusa sufuria zetu. Dagaa wa Kigoma, Stolothrissa tanganicae, hula hasa kopepodi. Mpasue dagaa mbichi, toa kilichomo tumboni, weka tone la maji juu ya kioo na utazame kwa hadubini. Kile kilichoonekana ujiuji mtupu kinageuka kuwa vipapasio virefu, miguu iliyovunjika vipande na mikia yenye nywele. Ni mwili wa uduvi.

Katika maji ya wazi ya Tanganyika kopepodi anayeonekana zaidi ni Tropodiaptomus simplex, mwenye urefu wa milimita moja hivi, akifuatana na wengine wa kundi la saiklopi kama Mesocyclops. Jike wa saiklopi ni rahisi kumtambua: ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mkia. Kopepodi naye huanza kama naupliasi, sawa na siripedia na jamaa wengi, na huvua ganda mara nyingi kabla ya kukomaa.

Krasteshia wengine wadogo waitwao viroboto wa maji, waliozoeleka katika maziwa mengi duniani, hawapo kwenye maji ya wazi ya Tanganyika. Kwa hiyo mzigo mkubwa wa kubadilisha mwani kuwa nyama unawaangukia kopepodi. Dagaa hula kopepodi, mgebuka hula dagaa, na sisi tunawala wote wawili. Lumbu, Limnothrissa miodon, ana chakula cha aina nyingi zaidi: kopepodi, kamba, wadudu, hata dagaa wachanga. Mgebuka wa kusini mwa ziwa, upande wa Zambia, hutegemea sana kamba.

Kwa nini wavuvi huenda usiku na kupumzika mbalamwezi ikijaa?

Mchana kopepodi na kamba wa maji ya wazi hushuka kwenye giza ili wasionekane na samaki. Jua likizama hupanda kulisha mwani karibu na uso wa maji, na dagaa hupanda nao. Mvuvi anawasha taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, na samaki hukusanyika kwenye duara la mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuvuta. Wavuvi walilijua hili kabla ya kitabu chochote.

Naweza kuwaona uduvi bila maabara?

Ndiyo. Chukua soksi ndefu ya nailoni ya kike, uifunge kwenye pete ya waya, na kwenye kidole chake funga chupa ndogo ya kioo. Ivute taratibu pembeni ya mtumbwi usiku kwa dakika chache. Imulike chupa kwa tochi kutoka upande mmoja. Utaona nukta zinazoruka kwa mishtuko mishtuko. Hao ni kopepodi. Zinazoteleza bila mishtuko, mviringo kama mbegu, mara nyingi ni ostrakodi, hasa ukiwa umekwangua karibu na mimea. Mwalimu mwenye darasa lisilo na vifaa anaweza kufundisha kipindi kizima kwa chupa hiyo moja.

Ostrakodi wana umuhimu gani?

Mkubwa kuliko umbo lao. Ziwa lina spishi zaidi ya 80 zilizoelezwa, nyingi zikiwa za hapa tu. Maganda yao ya chokaa hayaozi upesi. Huzama na kuhifadhiwa kwenye tope la chini, tabaka juu ya tabaka. Mtafiti akitoboa tope na kuvuta mche mrefu wa udongo, anasoma kwa maganda hayo ziwa lilikuwaje maelfu ya miaka nyuma, lini kina kilishuka na lini kilipanda.

Maji ya ziwa yenye uduvi yana madhara nikinywa?

Uduvi wenyewe hawana sumu. Tatizo ni wanachobeba. Bakteria wa kipindupindu hushikamana na maganda ya kopepodi, na kopepodi mmoja anaweza kuwa na wengi sana. Nchini Bangladesh utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vijiji vilivyochuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara kadhaa vilipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Kitambaa hakizuii bakteria aliye peke yake, bali kinazuia uduvi aliyembeba. Mkoa wetu unaujua ugonjwa huu. Mwaka 2015 ulilipuka Kagunga wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa ufukweni.

Saiklopi wa madimbwi ndio pia wanaobeba vilava vya mnyoo wa Guinea katika nchi chache za Afrika ambako bado upo. Chuja kwa kanga safi iliyokunjwa, kisha chemsha. Kuchuja peke yake hakutoshi.

Kaa wa ziwani analiwa?

Nyama yake inalika, ingawa ni kidogo kwa mnyama mwenye ganda gumu kiasi hicho. Sharti ni moja: apikwe aive kabisa. Kaa wa maji baridi wa Afrika ya Magharibi na ya Kati hubeba mnyoo wa mapafu, Paragonimus, na aliyekula kaa mbichi au nusu mbichi huweza kukohoa damu na kudhaniwa ana kifua kikuu. Ganda likigeuka jekundu si ushahidi wa kuiva. Rangi nyekundu ilikuwepo tangu awali, imeshikwa na protini, na joto huiachia mapema.

Mwenye mzio wa kamba asijaribu kaa. Protini inayoleta mzio ni ile ile kwa jamii nzima.

Ni halali?

Hilo ni la masheikh, na wamelijadili kwa mapana kwa sababu ya kaa anayeonekana majini na nchi kavu. Kwa upande wa biolojia ninachoweza kusema ni kwamba kaa wote wa ziwani hupumua kwa matamvua yanayohitaji unyevu, na Platythelphusa huishi majini muda wote.

Wale wadudu bapa wanaonata kwenye ngozi ya samaki ni nini?

Ni chawa wa samaki, Argulus na jamaa zake, krasteshia waliogeuza sehemu za mdomo kuwa vikombe viwili vya kunyonya. Wageuze uone vikombe hivyo kwa kioo cha kukuzia, viko kama macho mawili makubwa. Hawamdhuru binadamu, safisha samaki, mpike. Ndugu zao wa karibu sana ni minyoo-ulimi, wanaoishi ndani ya mapafu ya mamba na nyoka, na kwa umbo hakuna ambaye angewahesabu kuwa krasteshia bila ushahidi wa mbegu za kiume na vinasaba.

Ni kweli kwamba udongo wa milimani unaua kaa na uduvi?

Ndiyo, na kati ya yote yaliyo hapa hili ndilo linaloniuma zaidi. Mlima ukifyekwa, mvua ya kwanza hushusha tope jekundu ziwani. Tope hujaza nafasi kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba za kaa wachanga, kamba na ostrakodi. Mwani wa kwenye mawe hukosa mwanga. Kazi ya Andrew Cohen na wenzake iliyochapishwa mwaka 1993 ilionyesha kwamba mahali palipopokea udongo mwingi palikuwa na spishi chache za ostrakodi kuliko mahali pasafi. Pwani ya Gombe, yenye msitu nyuma yake, na pwani ya vijiji vilivyofyeka mteremko hadi majini zinaonyesha tofauti hiyo kwa mtu yeyote anayezamia na miwani.

Kuna na joto. Maji ya juu yakipata joto zaidi huwa mepesi na hayachanganyiki na ya chini. Virutubisho hubaki kilindini, mwani hupungua, kopepodi hupungua, dagaa nao. Oksijeni pia haifiki chini kama zamani. Utafiti wa mwaka 2016 uliona kwamba, katika maeneo yaliyochunguzwa, sehemu ya chini yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Konokono na kaa wa chini hawana pa kuhamia isipokuwa juu, ambako ndiko tope linakoshukia.

Kulifunga ziwa kunawasaidia hawa wadogo?

Kwa sehemu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kaa na kamba wa ufukweni hufaidi kwa sababu nyavu za kukokota haziburuzwi juu ya mawe na maganda yao. Kopepodi hutegemea zaidi upepo na virutubisho kuliko wavu. Najua mzigo ambao familia za wavuvi na wanawake wanaokausha dagaa waliubeba katika miezi ile, na nasema wazi kwamba kufunga ziwa bila kupanda miti mlimani ni kazi nusu.

Nitamjuaje kaa dume na jike?

Mgeuze. Mkia uliokunjwa tumboni ukiwa mwembamba wenye ncha, ni dume. Ukiwa mpana wa kufunika karibu tumbo lote, ni jike mzima. Jike mwenye mayai arudishwe majini pale pale alipokamatwa, chini ya jiwe lile lile ikiwezekana, kwa kuwa watoto wake hawatasafiri kutafuta lingine.

Nikipata kaa nisiyemjua nifanyeje?

Usimuue. Mpige picha tatu: mgongo, tumbo, na magando yote mawili yakionekana kwa mbele, na uweke sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika mahali, kina kwa makadirio, na kama chini palikuwa na mawe, mchanga au maganda. Kwa Platythelphusa habari ya makazi husaidia kama picha yenyewe. Mrudishe, kisha peleka picha na maelezo kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, hapa Kigoma. Spishi mojawapo ya jenasi hii, Platythelphusa immaculata, ilielezwa kisayansi mwaka 2004 tu.